Simu Moja, Watoto Kumi na Mjusi wa Tendaguru

Mtu akisikia kwamba Jumamosi nafundisha watoto wadogo kodingi, yaani kuipangia kompyuta maagizo, hapa Chikongola, Mtwara, anauliza kwanza: una kompyuta ngapi? Ninayo moja, ile ya steshenari, na hiyo haiguswi na mtoto maana ndiyo inayolipa pango. Wao wana simu moja, mkeka mmoja, kadi nilizokata kwenye maboksi ya karatasi, na kopo la korosho ghafi. Hapo muulizaji ananionea huruma. Wapo walioahidi kunitafutia mfadhili wa vishikwambi, kila mtoto na chake. Nawashukuru kwa moyo wao, lakini sivitaki, na si kwamba najikaza.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mkeka umechorwa miraba kwa rangi. Mraba mmoja una mjusi, mwingine una bwawa. Mjusi ana kiu. Watoto wanatakiwa wamfikishe kwenye maji, ila hakuna ruhusa ya kumsukuma kwa kidole kwenye kioo cha simu. Wanampangia kadi chini, moja baada ya nyingine: nenda mbele, geuka kulia, geuka kushoto, rudia mara tatu. Wakiridhika, simu inapitishwa juu ya kadi ili izisome, kisha inaelekezwa kwenye mkeka. Kwenye kioo wanauona mkeka uleule, na vidole vya miguu vya wenzao pembeni, isipokuwa sasa katikati amesimama mnyama mwenye shingo ndefu, anatembea kama alivyopangiwa, hatua kwa hatua. Wakipatia, anainama anakunywa. Wakikosea, anatoka nje ya mkeka na kupita juu ya ndala za watu, na hapo kicheko chake si cha kawaida.

Wataalamu wanauita uhalisia ulioongezwa: kamera inaonyesha kilichopo, programu inaongeza juu yake kisichokuwepo. Watu wengi duniani walikutana nao mwaka 2016, Pokémon Go ilipotoka na watu wazima wakaanza kukimbizana barabarani na vinyama visivyoonekana. Programu yetu aliiandika mdogo wangu anayesoma kompyuta chuoni. Mimi nilibaki na kazi ya kadi, na nimegundua kwamba kadi ndizo zenye kazi kubwa.

Kila kadi ina mraba mweusi mnene, na ndani ya mraba kuna alama yake. Kamera inapoangalia, programu inaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, inatafuta umbo la pembe nne, halafu inalinganisha alama ya ndani na zile inazozifahamu. Kwa kuangalia mraba ulivyoonekana kupinda, inajua kadi iko umbali gani na imelala upande gani. Si mbinu mpya. Mjapani Hirokazu Kato aliijenga kwenye programu iitwayo ARToolKit mwaka 1999, wakati simu zetu zilikuwa za kubonyeza, kwa wale waliokuwa nazo. Kwa kuwa ni ya zamani na nyepesi, simu ya bei ndogo inaimudu, tena bila intaneti ikishawekwa. Njia za kisasa zaidi, kama ARCore ya Google ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2018, zinaweza kumsimamisha mjusi sakafuni bila kadi yoyote, lakini zinataka simu iliyothibitishwa, na simu nyingi za bei ya chini hazimo kwenye orodha.

Kamera nayo ina ubishi wake. Chini ya mwembe pana hewa safi, kila mtu anadhani ndipo mahali pa watoto, lakini jua linalopenya kwenye majani linamwaga madoa ya mwanga juu ya kadi, mraba mweusi unakatika vipande, na simu inakaa kimya. Barazani, ambako kivuli ni kimoja, inasoma bila shida. Kadi iliyopigwa lamineti inameta. Mng'ao ukiangukia kwenye alama, basi. Mtoto akiacha kidole gumba kwenye pembe ya mraba, kwa simu kadi hiyo haipo duniani. Kwa hiyo kadi zetu ni karatasi ya kawaida iliyobandikwa kwenye boksi kwa gundi. Zinachakaa, nachapa nyingine. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na printa.

Kumpa mtoto kiumbe wa kumtuma, ili kwa kumtuma ajifunze kupanga mawazo, ni wazo lenye umri mkubwa kuliko mimi. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na baadaye ikapata kobe wa mashine aliyetembea sakafuni kweli kabla hajahamia kwenye skrini. Scratch, lugha nyingine ya namna hiyo, ikaja 2007. Mwaka 2014 ikafuata ScratchJr, ya watoto wa miaka 5 hadi 7 wasiojua kusoma bado, ambao wanaunganisha vipande vya picha kwa kidole. Nzuri sana, lakini vyote vimo ndani ya kioo. Michael Horn, alipokuwa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, alivirudisha vipande mikononi: vipande vya mbao vinavyoshikana, vyenye alama ambazo kamera inazisoma. Mwaka 2016 kampuni ya Osmo ikauza mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya iPad, una kioo kidogo kinachobanwa juu ya kamera ili itazame chini mezani. Mwaka 2019 Byju's ya India ikainunua Osmo kwa dola milioni 120, na kufikia 2024 Byju's yenyewe ilikuwa mahakamani kwa mambo ya ufilisi. Sina furaha na hilo, mchezo ulikuwa mzuri. Ila nilipoisoma habari hiyo nilizidi kushikilia kadi ambazo steshenari yoyote ya Masasi au Nachingwea inaweza kuzitoa kopi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa nini mjusi, wakati michezo mingine ina roboti? Kwa sababu ni wa huku. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, ndio hao ninaowaita mijusi, katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Wakubwa wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilifika bandari ya Lindi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, siku kadhaa kwa miguu, mzigo uliozidi tani 200. Mmoja wa mijusi hao leo amesimama katika makumbusho ya Berlin, urefu wake mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Mwaka 2007, ukumbi huo ulipofunguliwa upya, waliweka mitambo mfano wa darubini; ukichungulia, ile mifupa inavaa nyama na ngozi mbele ya macho yako na mnyama anaanza kutembea. Ni teknolojia hiihii ninayoizungumzia. Mimi nilitaka watoto wa huku wasiishie kuchungulia. Jirani yangu mmoja, mzee mcheshi, nilipomsimulia kwamba mjusi huyo aliondokea Lindi, aliuliza kitu kimoja tu: "Na ushuru wa bandari walilipa?"

Sasa nifike kwenye korosho, maana hapo ndipo penye mafunzo yenyewe.

Watoto wakianza, simu iko chini ya kanga. Haionekani. Wakishapanga kadi zao, kabla sijaifunua, lazima programu yao itembezwe kwa korosho. Mmoja anasoma kadi kwa sauti, mwingine anasogeza korosho kwenye miraba, waliobaki wanakaba. Hakuna hakimu mkali kama mtoto wa miaka sita anayengoja zamu yake. "Umeruka!" "Hapo amesema mbele mara moja, wewe umeenda mbili!" "Rudisha!" Msomaji anarudi kwenye kadi ya kwanza, korosho inarudi mwanzo. Huko ndiko kutafuta kosa, kazi ambayo waandishi wa programu wa watu wazima wanalipwa mishahara kuifanya, na hapa inafanyika kwa kelele, chini, simu ikiwa imelala.

Kosa linalorudi kuliko yote ni la kugeuka. Mtoto anaweka kadi ya geuka kulia akitegemea mjusi ahamie mraba wa kulia. Kwake yeye kugeuka na kwenda ni kitendo kimoja, kwa sababu hajawahi kugeuka akabaki palepale bila sababu. Niliwahi kueleza kwa maneno mengi, hayakuingia. Aliyetatua ni binti wa darasa la kwanza, mpole, ambaye siku nyingi alikuwa hasemi kitu. Alikuwa ameshika korosho, wenzake wanambishia inatazama wapi, na kweli korosho haina mbele wala nyuma. Akanyanyuka, akaja mezani kwangu, akasema, "Anti, naomba marka peni." Akaichora korosho jicho upande huu, jicho upande huu, na mdomo kwenye ncha. Akairudisha mkekani. Kadi ikasomwa: geuka kulia. Akaizungusha pale pale ilipo, mdomo ukatazama kulia, akaondoa mkono. "Bado hajaenda. Ametazama tu." Tangu hapo korosho zote kwenye kopo zina macho, na nyingine wamezichora ndevu.

Ukaja ubishi wa pili, kulia kwa nani. Mtoto aliyekaa upande wa bwawa anamwona mjusi akimjia usoni. Kulia kwa mjusi ni kushoto kwake. Hapo dawa ni moja: simama nyuma ya korosho, tazama inakotazama, geuka na mwili wako. Papert alilisisitiza sana hili, kwamba mtoto ajifanye kobe mwenyewe, atembee njia ya kobe kwa miguu yake. Kwenye baraza yangu wanajifanya mjusi, wanarefusha shingo, mmoja anataka na mkia. Wapita njia wanaokuja kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa wanasimama kutazama.

Ndipo nafunua simu. Kwa wakati huo kila mtoto pale ana msimamo wake kuhusu kitakachotokea, na anataka kuthibitisha. Dakika moja ya kioo, nyuso zote kumi zimesongamana, mjusi anatembea, na ama wanashangilia ama wanasema "nilikwambia!" Simu inarudi chini ya kanga.

Nimeona pia inavyokuwa simu zikiwa nyingi. Ndugu wa mtoto mmoja alikuja na simu yake, tukaweka programu, tukagawana makundi mawili. Kundi la simu ya pili halikugusa korosho kabisa. Walibadili kadi moja, wakatazama, wakabadili nyingine, wakatazama. Walifika kwenye maji, na mapema kuliko wenzao. Nilipowauliza kwa nini kadi ya nne ni ya kushoto, walitazamana. Simu ikiwa bure mkononi, mtoto anabahatisha, na mimi simlaumu, hata mimi ningebahatisha. Kutazama kukiwa adimu, anapiga hesabu kwanza. Kwa hiyo uchache wa simu ndio unaonifanyia kazi ya ualimu ambayo sikusomea.

Simu moja ina kasoro yake, nisidanganye. Mkubwa kuliko wote anaikamata na kujifanya meneja. Niliweka sheria: anayeshika simu haruhusiwi kusema neno, na zamu inazunguka. Kumbe kukaa kimya ni adhabu kubwa, siku hizi wengi wanakwepa kuishika.

Kuna jambo jingine sikulitegemea. Wengi wa watoto hawa asubuhi wanatoka madrasa, wanakuja kwangu na juzuu kwenye mfuko. Kadi zao wanazipanga kuanzia kulia kwenda kushoto. Programu ilikuwa inasoma kushoto kwenda kulia, kama kitabu cha shule, kwa hiyo mjusi alikuwa anafuata maagizo kinyumenyume, na watoto wanashangaa maana korosho ilifika salama. Mtu mwingine angewaambia hapa tunaanza kushoto. Mimi nilimpigia mdogo wangu. Mtoto anayesoma maandishi ya pande mbili akiwa na miaka saba hana tatizo la kurekebishwa, mwenye tatizo ni mashine. Akaongeza kadi ya ANZA yenye mshale: unaiweka upande wowote, na simu inasoma kuelekea mshale ulikoelekea. Kazi ya jioni moja. Sasa wapo wanaopanga kwenda juu, kwa kujionyesha tu.

Kadi ya rudia mara tatu waliishika upesi. Iliyowatesa ni rudia mpaka. Mara tatu unahesabu unamaliza; mpaka, unaendelea bila kujua utamaliza lini, na kila hatua unachungulia kama umefika. Hapo nilivuka barabara, nikampa shikamoo yule mzee wa ushuru wa bandari, ambaye kijiwe chake cha bao kiko mbele ya duka. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wanalicheza kwa kasi ambayo jicho halifuati. Nikamwomba acheze polepole, watoto waone namna ya kusambaza tu, mambo ya nyumba na kula ayaache kwanza. Anaweka kete moja kila shimo; ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete, anazizoa zote, anaendelea; ikiangukia kwenye tupu, amelala, zamu ya mwenzake. Watoto wakaanza kusema naye kila kete ya mwisho ikidondoka: "Tupu? Bado! Tupu? Bado! Tupu? Kalala!" Tuliporudi mkekani, wakaiwekea kadi ya rudia mpaka wimbo huohuo: "Maji? Bado! Maji? Bado!" Mzee alinifuata hadi barazani, akatazama kadi, akasema, "Binti, kama ni hili tu, hiyo simu ya nini?" Sikuwa na jibu zuri, zaidi ya kwamba watoto wasingekuja kwa ajili ya bao.

Wazazi wana wasiwasi wa aina nyingine. Mama mmoja alinikabili waziwazi: "Dada, mimi namkimbiza mwanangu na simu, wewe unamrudishia?" Ana haki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo vizuri. Wangu wamevuka umri huo, lakini busara ni ileile. Nilimkaribisha akae Jumamosi nzima. Alikaa, akasuka ukili wake pembeni, akaona simu inavyoonekana na kupotea. Mwishoni alichokilalamikia ni korosho zake zinazopungua nyumbani.

Walimu wanaoniuliza namna ya kulifanya hili darasani nawakumbusha kwamba wengi wao tayari wana kifaa. Vile vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na kimoja kinatosha. Mwalimu wa awali aliyenitembelea ana watoto wengi kuliko mikeka. Anachofanya ni kuwagawa vikundi, kila kikundi na kadi zake na korosho yake, yeye anazunguka na kishikwambi kama mkaguzi, na hafiki kwenye kikundi mpaka wote waseme korosho imefika. Chaji inatosha hata umeme ukikatika tangu asubuhi. Nawasisitizia pia wasivutwe na mapambo. Toleo la kwanza la mdogo wangu lilikuwa na mjusi anayecheza muziki, anayepiga makofi, na nyota zinazorushwa. Watoto walikosea makusudi ili waone mjusi akianguka kwa mbwembwe. Tuliondoa muziki, tukaondoa nyota. Sasa akikosewa anasimama tu na kukutazama.

Kinachobaki kunisumbua ni kadi ya ikiwa. Ikiwa mbele kuna jiwe, geuka kulia. Kama hakuna, nenda mbele. Wa miaka minane wanaielewa, wanaipenda hata. Wa miaka mitano wanafanya yote mawili: wanageuka, halafu wanaenda. Wanataka kujua jiwe lipo au halipo, sasa hivi, na kumpangia mjusi jambo ambalo huenda lisitokee wanaona ni uzembe. Nimeitoa kwenye kopo la wadogo. Badala yake nataka mijusi wawili kwenye mkeka mmoja na bwawa moja, makundi mawili yapange kila moja lake bila kugongana. Mdogo wangu anasema simu itahema kidogo lakini inawezekana, nimsubiri amalize UE, mitihani yake ya chuo. Watoto hawakusubiri. Wameshachora korosho mbili, moja ya Lindi na moja ya Mtwara, na wanabishana nani anywe kwanza.